Munkoyo Ndani ya Chupa ya Baiskeli

"Ulikunywa nini, mademoiselle?" Daktari wa mashindano aliniuliza hivyo mbele ya baba yangu.

Mashindano yalikuwa ya michezo mitatu: tulianza kwa kuogelea, tukaendesha baiskeli hadi karibu na Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na kurudi, kisha tukakimbia mjini. Mwanamke wa kwanza angepelekwa kushindana Zambia, na nafasi hiyo niliitaka kuliko kazi zote ambazo diploma yangu imeshindwa kunipatia.

Vinywaji vya wanariadha vinavyouzwa dukani sikuviamini. Nilijaza chupa zangu munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi ambacho tantine, shangazi yangu, aliwapikia watoto wa nyumbani, nikaongeza sukari.

"Kunywa yote leo," alinionya siku kadhaa kabla ya mashindano ya Jumapili. "Dimanche itakuwa kali, haiko ya batoto tena."

"Preuve iko wapi, tantine?" nilidai ushahidi.

"Preuve utaiona mu kichwa yako."

Nilicheka. Siku ya mashindano, kila nilipokunywa nilijiona nina nguvu zaidi. Madereva wa malori waliokwama kwenye foleni walinishangilia. Niliwapungia mikono yote miwili, nikaanguka. Wakati wa kukimbia, katika mtaa wa Golf, nilisimama kwenye geti la watu nikamhutubia mlinzi kuhusu haki za wafanyakazi.

Daktari akaletwa, akaninusa mdomo.

"Papa, mutoto yako amelewa."

Baba alivua kofia kama mtu aliyefika msibani. Nikaondolewa mashindanoni.

Miezi mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba wanawake wengine wote walikuwa wameshajitoa njiani. Ningelala kivulini mpaka pombe initoke, kisha nikatembea tu hadi mwisho, ningekuwa wa kwanza.