Leso Nyeupe na Ukurasa Mzito

Hulda Jilo hakulelewa na kompyuta. Alilelewa na jembe, kando ya Tana, kama mama yake. Lakini mvua za El Nino za mwaka 1997 zilipokwisha kufagia mashamba ya Wapokomo, mradi mmoja wa kutahadharisha watu kuhusu mafuriko ulifungua chumba Garsen, ukaweka kompyuta, jenereta na laini ya simu, ukatafuta mtu mwenye subira. Subira Hulda alikuwa nayo tele, na laini ile iliitaka yote.

Kazi yake ilikuwa hivi. Kule Madogo, mpimaji aitwaye Adan alisoma kimo cha mto kila asubuhi na kukituma Nairobi kwa redio. Nairobi kiliingizwa kwenye tovuti ya mradi. Maji yakipita Madogo leo, hufika Garsen baada ya siku nne hivi, na siku nne zinatosha kuvuna mahindi na kuhamisha watoto na mbuzi. Basi Hulda alifungua ukurasa, akasoma kimo, akatoka kutundika leso kwenye mti mrefu ukingoni. Nyeupe: lima kwa amani. Nyekundu: vuna uhame. Wakulima walipita na mitumbwi yao, wakainua macho, wakajua la kufanya.

Tovuti hiyo iliundwa na Thoya, kijana wa Kigiriama mwenye ulimi wa asali. Alikaa Garsen wiki mbili akiipima laini, na wiki mbili hizo alikula ugali na kambare kwa kina Hulda, akimwita mama yake Hulda "mama". Aligundua kwamba laini ya Garsen hupitisha kilobaiti moja tu kwa sekunde, ikijitahidi, na kwamba hukatika baada ya dakika tano. Kwa hiyo aliipa kazi yote seva, ile mashine kubwa ya Nairobi: ipekue majedwali yenyewe, itoe kimo cha leo peke yake, imtumie Hulda ukurasa mdogo wa maandishi matupu. Ulifunguka kwa sekunde tano.

"Ndivyo inavyotakiwa," Hulda alimwambia. "Mtu akitaka kikombe cha uji, humpelekei gunia la mahindi na kinu."

Thoya alicheka, akayaandika maneno hayo daftarini. "Dada Hulda, ukurasa huu ni wako. Sitaugusa bila kukuambia."

Ahadi ni deni, lakini wapo wadaiwa wasiokosa usingizi.

Novemba 1998, Jumatatu moja asubuhi, Hulda alifungua ukurasa kama kawaida. Kikaanza kushuka kichwa cha picha, mstari kwa mstari: ramani ya mto yenye rangi za kupendeza. Dakika tano zikaisha, laini ikakatika, namba haijaonekana. Alijaribu mara sita. Jumanne vivyo hivyo. Akampigia Thoya Nairobi.

"Ah, tumeubadilisha kidogo," alisema Thoya. "Wafadhili wanakuja, na seva ilikuwa inazidiwa, kila mtu anaiuliza swali lake. Sasa jedwali lote la mwaka linakuja kwako pamoja na ramani, kompyuta yako inachambua yenyewe. Kilobaiti mia nne tu. Hapa unafunguka kwa sekunde mbili!"

"Huku haufunguki kabisa, Thoya. Uliniahidi."

"Nitaurekebisha wageni wakiondoka."

"Na mto je? Nitundike nini?"

"Nimeangalia mwenyewe asubuhi hii. Mto umelala. Acha nyeupe."

Hulda alimwamini. Nani asingemwamini mtu aliyekula sahani moja na mama yake? Aliacha nyeupe.

Jumatano mjomba wake, Mzee Buya, alisimamisha mtumbwi chini ya ule mti. Mahindi yake yalikuwa yamekomaa, yamebakiza wiki moja kukauka.

"Hulda, mto naleta povu tangu jana," alisema. "Povu ya rangi ya chai. Zamani baba yangu kiona hii, navuna hata kama mahindi bado. Mimi navuna?"

"Mjomba, leso ni nyeupe. Nimeuliza Nairobi."

Mzee Buya aliitazama leso, akautazama mto, akaitazama leso tena. "Haya. Nyinyi mna mashine," akasema, akaenda zake.

Ijumaa asubuhi maji yalipanda. Roho haikupotea hata moja, Mungu ashukuriwe, lakini mahindi ya ukingo mzima yalilala chini ya tope, na mbuzi wakachukuliwa na kamba zao. Wiki iliyofuata Adan alishuka kutoka Madogo na lori la chakula cha msaada, daftari lake mkononi. Alimfunulia Hulda ukurasa wa Jumatatu ile: mto umepanda mita mbili. "Nilituma saa moja asubuhi," alisema. "Walinijibu wamepokea."

Hulda akapiga simu. "Thoya, ulisema umeangalia."

"Nilikuwa na wageni, dada. Nilidhani hakuna kitu."

Hulda aliweka simu chini. Kikulacho ki nguoni mwako. Huyu alikuwa mezani kabisa, akiomba aongezewe mchuzi.

Kesho yake ukurasa mdogo ulirudi. Sekunde tano, kimo cha leo, maandishi matupu. Mto ulikuwa umeshuka. Hulda alichukua leso nyeupe akaenda mtini, akamkuta Mzee Buya akikung'uta tope mtumbwini.

"Mjomba, wameutengeneza. Sasa unasema kweli."

Mzee hakugombana naye, na hilo lilimuuma zaidi. "Mimi niliona povu, mwanangu," alisema. "Kwa macho yangu. Halafu niliangalia leso yako."

Akasukuma mtumbwi majini. Hulda aliitundika leso juu, akasimama pale asubuhi nzima. Mitumbwi tisa ilipita. Watu wote walikuwa wameinamia maji, wanatafuta povu.