Kutoka Kijito Hadi Kijito

Enzi za Mdachi, sisi watoto wa Uluguru tulikuwa na miguu migumu na midomo isiyochoka. Mimi hasa. Bibi yangu mzaa mama alisema nilianza kuongea kabla sijaota jino, na sidhani alikuwa anatania. Lakini njia yetu ya shambani ilipita msituni, na kati ya kijito cha kwanza na cha pili hata mimi nilinyamaza.

"Humu anapita Mulungu," Bibi aliniambia. "Ukiwa na haja yako, ibebe kimya mpaka ng'ambo. Ukisema neno, umeimwaga."

Mwaka ule haja yangu ilikuwa moja tu. Akida, mtumishi wa Mdachi, alimchukua baba kwenda kujenga reli upande wa Ngerengere, masika mawili yakapita hajarudi. Kila asubuhi nilimbeba baba moyoni. Mwanzoni ulimi uliniwasha. Baadaye nikaanza kusikia umande ukidondoka jani kwa jani, na pumzi za Bibi mbele yangu, na moyo ukatulia. Niliupenda ukimya ule kama uji wa moto wakati wa baridi.

Asubuhi moja, katikati ya msitu, tukakutana na mtu aliyekonda, ndevu tele, shuka imechanika. Baba! Shikamoo ikanifika kooni. Kumpita mkubwa bila kumwamkia kulikuwa kosa la kuchapwa, lakini niliogopa nikisema neno atatoweka palepale. Nikaziba mdomo kwa mikono miwili, machozi yakinitoka, nikampita baba yangu mzazi kama simjui. Bibi naye akapita kimya.

Kisha nikasikia nyayo zake nyuma yetu. Naye alikulia kwenye milima hii, aliijua desturi. Sikuthubutu kugeuka. Nilizisikiliza tu, hatua kwa hatua, na sijawahi kumshukuru Mungu vile tena.

Tulipovuka kijito cha pili nikapiga kelele, "Shikamoo baba!"

"Marahaba, mwanangu. Nilidhani umekuwa bubu," akasema, akacheka huku analia.

Siku hizi wajukuu zangu hupita pale na redio begani, dansi tupu, halafu huniuliza mbona dua zao hazijibiwi. Nawacheka, nawapenda hivyo hivyo. Baba tulimzika zamani. Nikipita msitu ule peke yangu nanyamaza, kijito hadi kijito, na mpaka leo sigeuki nyuma.