Hapa Tunapika Wasafiri

Kwa miaka thelathini na mmoja nimekula kwa kuandika maneno ya watu. Nimeandika kuta za maduka, milango ya malori, na mara moja jeneza, kwa sababu marehemu alikuwa fundi wa magari na wanawe walitaka jina la gereji lionekane mpaka mwisho. Kwenye herufi nilikuwa mkali kuliko mwalimu. Kinyozi mmoja aliniletea karatasi imeandikwa "kinyonzi", nikamrudisha kwake akajifunze kwanza kazi anayoifanya inaitwaje. Siku hizi mabango yanachapwa kwa mashine na hakuna wa kunisumbua, lakini ukali umebaki.

Mchana nilikuwa nakula kwa mama mmoja kando ya barabara kuu, pale malori yanapomaliza mteremko. Tunapaita hotelini kwa heshima tu. Ni mabati juu, mbao pembeni, mabenchi, na meza nne zenye vitambaa vya plastiki vinavyonata mkono ukiuweka. Meza ya pembeni ina mguu mfupi uliowekewa kipande cha boksi, na hiyo ndiyo yangu. Ukiuliza leo kuna nini, unajibiwa kuna chakula. Chakula ni wali na maharage, siku za bahati wali na nyama, na siku ambazo mwenyewe kaamka vibaya ni wali ulioungua chini, ambao yeye anasema ni mkavu.

Mara ya kwanza nilipelekwa na njaa. Miaka miwili iliyofuata siwezi kuisingizia njaa. Mwenye hoteli ni mjane kama mimi, ana sauti ya kukwaruza na ana tabia ya kumtazama mtu mpaka amalize sahani. Maharage yake yana mawe. Mwezi wa tatu tu nilivunja jino, nikalificha kwenye leso na kusema yameiva vizuri. Akipenda, chongo huita kengeza. Mimi jiwe nililiita kiungo.

Tatizo lilikuwa nimwiteje. Madereva wote wanamwita shangazi, na mimi siku ya kwanza nilijisahau nikamwita hivyohivyo. Sasa ukishamwita mtu shangazi, utaanzia wapi kumchumbia? Nikaacha. Nikawa simwiti chochote. Nilikuwa nakohoa akija karibu, mpaka akaanza kuniwekea chai ya tangawizi bila kuulizwa, akidhani nina kifua.

Mwezi huu dada yangu mkubwa akapiga simu. Alisema chumba cha uani kwake kimepakwa rangi, kazi yangu imekufa na mimi ninafuata, kwa hiyo Jumamosi ya wiki ijayo mume wake atakuja na gari kunichukua. Nikamwambia kuna jambo nalishughulikia hapa. Akauliza jambo gani, nikasema la kazi. "Wewe uoe au uje," akasema, kwa sababu dada hadanganyiki. Nikajiona nipo chumba cha uani, nakula wali usio na jiwe hata moja, na nikaogopa kweli.

Nikapiga moyo konde. Nitamwandikia yule mama wa hoteli bango zuri la zawadi, na akilishukuru nitasema langu. Yeye alikuwa analalamika kwamba malori yanapita tu. Akanitajia maneno: hapa tunapikia wasafiri, watoto nusu sahani. Nilitumia siku tatu. Nilichora msingi kwa uzi na chaki, herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, na chini nikaongeza sufuria kubwa inayofuka moshi. Katikati ya mstari wa kwanza yeye alipita amebeba ndoo, akaniuliza kama nimekunywa maji. Nikasahau nilipofika. Halafu nikaendelea.

Jumatatu asubuhi tukalisimamisha. Nilivuka barabara nikalitazama kwa mbali, nikarudi, nikavuka tena. Yeye aliliangalia muda mrefu, akanitazama mimi, akasema, "Limependeza, fundi." Nilingoja aongeze neno, hakuongeza, akaenda kukoleza moto. Na mimi langu likabaki kooni.

Kufika saa sita lori la kwanza likasimama. Jumanne yakasimama manne. Madereva walikuwa wanashuka wanacheka, wanapiga picha, wanaingia bado wanacheka. Kichwa kikanivimba. Nikawa nakaa kwa kujipanua mpaka mguu wa meza unatoka kwenye boksi lake. Mmoja akaagiza, "Shangazi, nipe paja la dereva, ila awe kijana." Nikacheka kuliko wote. Nilidhani ndiyo mizaha ya watu walioshiba.

Ijumaa, siku yangu ya mwisho, alikaa mbele yangu utingo mmoja wa lori mwenye kofia. Sikumpa nafasi hata ya kuonja. Nikamwambia, "Hilo bango hapo nje ni kazi ya mkono huu."

Akaacha kutafuna. "Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Lazima nipige picha na wewe." Alipiga picha, kisha akanitazama vizuri, na nadhani akanionea huruma. "Mzee, hebu nenda kalisome tena. Polepole."

Nikavuka barabara. Nililisoma kama mtoto wa darasa la kwanza, silabi moja moja. Ha-pa tu-na-pi-ka wa-sa-fi-ri. Nikarudia, nikitumaini herufi itajitokeza. Tunapikia ilikuwa imebaki tunapika. Chini yake: watoto nusu sahani. Na chini ya hayo ile sufuria yangu, kubwa ya kumtosha mtu mzima aliyekunja magoti, inafuka moshi.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Siku tano nzima nimekaa chini ya bango hilo nimejipanua. Kinyozi hajinyoi, na yule wangu wa "kinyonzi" angekuwepo angeomba mkeka akae acheke kwa raha. Nikafuata kopo la rangi na brashi kwenye baiskeli yangu. Nilitaka kuibana hiyo herufi moja, halafu nipite nyuma ya choo na nisionekane tena mpaka gari la shemeji lifike.

Yeye alikuwa mlangoni, ungo magotini, anachambua maharage. Anachambuaga kila siku, ndiyo ajabu yenyewe.

"Unakwenda wapi na rangi?"

"Kuna herufi imekosekana."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu, rangi haijakauka."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Ulivuka barabara mara nne kulitazama. Nilikuhesabu."

Ndani yule utingo na wenzake walikuwa wanakula kimya, ule ukimya wa watu wanaosikiliza. Nikaona niage tu, yaishe. Nikamwambia kesho nahamia kwa dada yangu, ameshaniandalia chumba.

Vidole vyake vikasimama kwenye ungo. "Huko utakuwa unafanya nini?"

"Nakaa. Nakula."

"Nani atakupikia?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema langu. Miaka miwili nilikuwa natafuta mlango, na sasa ameufungua mwenyewe. Nililipanga neno kichwani herufi kwa herufi, nikalikagua mara mbili, nikalitoa.

"Nataka unipike wewe," nikasema. "Siku zote."

Nilisikia kosa likiwa limeshatoka. Huko ndani mtu mmoja alipaliwa na wali, mwenzake akawa anampiga mgongoni. Mimi nilibaki nimeshika brashi, na nikajua kwamba nitazikwa na herufi hiyo.

Yeye hakucheka. Aliokota jiwe kwenye maharage, akalitupa uani, akanitazama kama anavyonitazama nikiwa sijamaliza sahani.

"Mimi nimekupika miaka miwili, fundi," akasema. "Umeiva zamani. Nilikuwa nangoja useme tu, nipakue."

Kisha akarudi kwenye ungo wake.

"Mpigie dada yako simu. Na hiyo brashi irudishe, bango langu usiliguse."