Niliamini Dirisha Lenye Giza, Nikapoteza Sauti ya Mama Yake

Kosa ni langu. Si la stima, si la mvua. Ni langu!

Nashughulikia kompyuta katika redio ndogo hapa Nakuru. Tulikuwa na seva mbili, yaani kompyuta za kurushia matangazo, kila moja katika jengo lake, zikitumia sanduku moja la diski lililokuwa upande wangu. Moja ikizima, nyingine inachukua diski na matangazo yanaendelea. Ila zisiandike zote mbili kwa wakati mmoja, maana zitaharibu kila kitu.

Ndani ya diski hizo kulikuwa na vipindi vya mama wa mchumba wangu. Mchumba tumwite Chebet. Tunafanya kazi pamoja. Mama yake alikuwa mtangazaji wetu wa asubuhi hadi ugonjwa ulipomchukua. Kila siku alianza hivi: "Watu wangu, mmeamkaje? Ng'ombe wamekamuliwa?" Tulipanga kuicheza sauti hiyo kwao Subukia, siku ya kumkumbuka.

Alasiri moja mvua kubwa ilinyesha, stima ikapotea, redio ikanyamaza. Upande wangu jenereta iliwaka, lakini seva yangu ilikataa kuchukua diski. Haikuwa na hakika mwenzake amezima. Nikachungulia dirishani: jengo la pili giza tupu.

Nikampigia Chebet, aliyekwama na mvua mtaa wa Free Area.

"Usilazimishe kitu," akasema. "Pengine ile nyingine bado iko hai. Enda uangalie."

"Niangalie nini na naona giza?"

"Wewe na maswali yako! Enda tu."

Boss naye alisimama mlangoni. "Bado? Si wewe ndio umesomea hii kitu?"

Mimi hubishana hata na mahubiri ya Jumapili. Giza lile sikulihoji! Ni uani tu pa kuvuka, nikaona nitalowa. Nikailazimisha seva yangu ichukue diski.

Kumbe ile nyingine ilikuwa ikiendeshwa na betri! Kilichokosa stima ni taa, pamoja na kifaa kidogo cha mawasiliano kilichopeleka matangazo na kuijulisha seva yangu kwamba mwenzake yu hai. Waya wa diski ulikuwa mzima. Seva zote mbili zikaandika, vipindi vyote vikaharibika. Redio ilirudi kwa wimbo mmoja, kisha kimya.

Na nakala za akiba? Jamani, nilikuwa nimeziweka kwenye diski zilezile, nikijiambia nitazihamisha.

Chebet hakunifokea. Heri angefoka! Aliuliza tu, "Ulienda kuangalia?"

Nikatazama viatu vyangu: vikavu.

Siku ya kumkumbuka, kule Subukia, spika zilikuwa zimetundikwa tayari. Mjomba wake akaniita kwa upole: "Fundi, weka basi tumsikie dada yangu."

"Imepotea, mjomba," Chebet akajibu, bila kunitazama. Tangu hapo hajanitazama vile alivyokuwa akinitazama. Pete alinirudishia kazini, mbele ya seva, akaenda zake.

Wenzangu mnaotunza mashine za watu, nawasihi: kabla ya kulazimisha, vukeni uani mkaone kwa macho yenu. Loweni! Nguo hukauka.