Milimita Nne za Taa ya Kaka

Simu iliita nikiwa kwenye karakana ya Kaka, nimeshika taa mkono mmoja na kipimo cha chuma mkono mwingine. Nilidhani ni Kaka, maana asubuhi ile alishanipigia mara mbili kutoka hospitali kuuliza nimefikia wapi. Nikapokea nikisema, "Subiri basi, we mzee, ndiyo kwanza nimefungua boksi."

Sauti ilikuwa ya mkewe. "Wifi yangu," akasema, "weka chini ulichoshika." Nikaiweka taa mezani. Nikajua kabla hajasema lingine.

Kaka alikuwa mchora mabango ya maduka. Kazi hiyo ilimlisha. Aliyoipenda ilikuwa kutengeneza nakala za vifaa vya kwenye filamu: upanga wa mbao ambao ungedhani ni chuma, kofia za askari, redio isiyotoa sauti. Mtaani walimwita Fundi Feki, naye akiitika bila kinyongo. "Feki yangu ina vipimo," alikuwa akiwajibu. "Yako je?"

Miaka saba iliyopita alianzisha tovuti ya mafundi wa namna yake, wa karibu na wa ng'ambo. Zamani kila mmoja alikuwa mchoyo wa ujuzi wake. Kwenye tovuti waliandika wote: rangi ipi ikikauka hufanana na kutu, kifungo cha joho fulani kina upana gani. Yeyote aliweza kuongeza au kusahihisha. Jumapili tukitoka kanisani, mimi nilimsomea namba naye akachapa, bado kavaa shati la ibada. Chini ya kila ukurasa aliweka sehemu aliyoiita "Nilipokosea".

Ukurasa uliosomwa kuliko yote ulikuwa wa taa anayobeba mlinzi katika filamu moja ya zamani. Kaka aliipima taa aliyoazimwa na mzee aliyewahi kutunza vifaa vya studio, na watu zaidi ya mia mbili wakatengeneza zao kwa vipimo hivyo. Kaka akiwa tayari mgonjwa, mzee akamwandikia: ameipata stoo taa yenyewe. Ile ya kwanza nayo ilikuwa nakala, iliyomiminwa kwenye kalibu, umbo tupu lililochukuliwa kwenye taa halisi. Kitu cha kumimina hunywea kidogo kikikauka. Kwa hiyo Kaka alipima kilichonywea, na taa za wote zikawa ndogo.

Mzee aliituma taa halisi kwa posta. Ilifika Kaka akiwa kitandani.

"Nenda kaipime," aliniambia Alhamisi. "Halafu uandike kwamba nimekosea mimi. Usiandike 'kulitokea kosa'. Kosa halinyeshi kama mvua."

"Si utaandika mwenyewe ukitoka?"

"Nisipotoka?"

Nikamgombeza kwa maneno hayo. Nikasema nitaenda kesho. Ijumaa nikafua. Nilienda Jumamosi, naye akafa bila kuisikia namba. Mungu anajua nilivyoomba msamaha kwa ile siku moja.

Alasiri nyumba ilijaa watu. Mjomba alikuwa na simu, akitusomea rambirambi za mafundi. Karibu wote waliusifu ukurasa wa taa. Nikamwambia ndio huo ninaokwenda kuusahihisha.

"We binti una wazimu? Unataka kumwanika mwenzio hata hajazikwa?"

"Ndivyo alivyotaka, Mjomba."

"Wagonjwa wanasema mengi! Juzi alitaka nimpelekee brashi, apake rangi kitanda cha hospitali!"

Wifi akacheka huku analia. Mama akaniangalia. "Alikuagiza?"

"Aliniagiza, Mama."

"Basi nenda."

Nilirudi karakana. Harufu ya rangi yake ilikuwa bado humo. Nikapima mara tatu, kama alivyonizoesha. Kimo kiliongezeka milimita nne juu ya zile mia mbili arobaini na nne alizoandika Kaka. Nikaandika chini ya "Nilipokosea": Nilipima nakala nikidhani ni taa yenyewe. Kosa ni langu. Nikaweka jina lake, kisha nikaeleza kwamba ameniagiza mimi, mdogo wake, na kwamba hayupo tena.

Asubuhi palikuwa na jibu la fundi mmoja wa mbali: "Nimepima yangu. Kweli ni fupi. Naanza upya."

Tulimzika Jumatatu, saa nne. Mchungaji aliomba kwa maneno machache. Msalaba uliandikwa na mchora mabango mwenzake, herufi zimenyooka. Wanaume sita waliteremsha jeneza kwa kamba, Mjomba akiwa mmoja wao. Zamu yangu ilipofika nilichota udongo, nikainama.

"Mia mbili arobaini na nane, Kaka," nikasema.

Nikautupa udongo. Wakafukia. Wifi akaweka maua, tukaitika amina, tukamshika Mama mikono, tukaondoka.