Mgeni wa Miaka Tisa

Rwamba ni mwanamke fundi wa nguo katika soko la Runyenjes, na kwa miaka tisa aliishi na Cicily katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kanisa. Cicily alikuwa mpimaji wa kahawa kiwandani. Hawakuwa ndugu. Walikutana kwenye kwaya, wakagundua kwamba kila mmoja anapika nusu sufuria na kula peke yake, na Cicily akasema, "Wee Rwamba, si uhamie kwangu tu? Huu upuzi ni wa nini?" Rwamba akahamia na cherehani na sanduku moja.

Mukimo wa Cicily, viazi na mahindi ya kupondwa, ulikuwa mgumu kama saruji. Rwamba aliula miaka yote tisa, akiusifu Jumapili na kuutukana siku za kazi. Anayetaka kujua kama walipendana na aanzie hapo.

Jambo moja tu liliwashinda, nalo ni karatasi. Mzee Njoka, mwenye nyumba, alikuwa mtu wa utaratibu. Kila baada ya miaka miwili alileta mkataba mpya, wenye nafasi mbili za wapangaji, ya kwanza na ya pili. Cicily aliandika jina lake kwenye ya kwanza, kisha akamsukumia Rwamba kalamu.

"Leta kitambulisho, tuandikwe wote."

"Mimi mwambie ni mgeni," Rwamba alijibu.

Msimcheke, alikuwa na sababu. Zamani aliolewa Kangeta na Kailemia, mfanyabiashara wa miraa, aliyelipa mahari yote: mbuzi, fahali, na asali ya kutengenezea pombe ya wazee. Kipigo kilipozidi, Rwamba alitoroka na nguo alizovaa. Lakini mahari haikurudishwa, na kwa mila, mwanamke ambaye mahari yake haijarudishwa bado ni wa kule alikoolewa. Rwamba aliamini kwamba jina lake likionekana kwenye mkataba wa nyumba, watu wa Kangeta watasema amehama kabisa, waende kwa baba yake kudai mbuzi. Na baba yake alikuwa mzee asiyekuwa na mbuzi hata wa kuazima.

Cicily alicheka mpaka akashika mbavu. "Hao mbuzi walikufa kitambo, Rwamba. Na wewe bado unawachunga!"

Baba akafariki. Hakuna mtu wa Kangeta aliyekuja kudai chochote, wala hata kutoa pole. Mkataba ulipoletwa tena, Cicily aliweka kalamu mezani. Rwamba akasema, "Wacha kwanza." Hata yeye hakujua anangoja nini. Hofu ikikaa sana na mtu inakuwa tabia.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, Cicily alianguka karibu na mizani ya kiwanda. Ilikuwa presha. Siku ya tatu hospitalini akaaga. Alizikwa kwao, Kiirua, na Rwamba akaketi na kwaya, kwa sababu viti vya mbele vilikuwa vya familia. Aliimba sauti ya pili huku ya kwanza ikiwa imelala ndani ya sanduku.

Wiki iliyofuata, kaka wa marehemu, Kaburu, alifika na pikapu kuchukua vitu. Hakuwa mtu mbaya. Aliuliza kila kimoja, "Dada, hiki ni chako ama cha Cicily?" Kulikuwa na kabati walilonunua pamoja, na meza, na zile sufuria kubwa. Rwamba hakuweza kutamka "ni chetu" mbele ya mwanamume aliyemzika dada yake juzi. Akasema, "Ni cha Cicily." Akasema hivyo mpaka pikapu ikajaa.

Alichotaka sasa ni nyumba tu. Avokado mbili zilizopandwa na Cicily zilikuwa nje ya dirisha, na zile kuta zilijua sauti yake. Kiambi, karani wa wakili mmoja wa Embu, alipokuja kupunguziwa suruali kiunoni, Rwamba alimuuliza, huku akimpima, kama ana haki ya kubaki.

"Mama, jina lako liko kwa mkataba?"

"Haliko."

"Ulikuwa unampa landlord rent wewe mwenyewe?"

"Nilimpa Cicily, yeye akapeleka."

"Basi kisheria mpangaji alikuwa yeye. Wewe ulikaa kwa ruhusa yake, na ruhusa inaenda na mwenye kuitoa. Jaribu tu kuongea na mzee vizuri."

Alijaribu. Mzee Njoka alikuja Jumamosi, akaketi kwenye kiti cha plastiki kilichobaki, akaondoa kofia.

"Mama, nyumba nimeshamuahidi mwalimu. Angekuwa ameuliza tu ningemwambia angoje, lakini ameshanipa deposit, na mimi neno langu silirudishi."

"Mzee, nimekaa hapa miaka tisa."

"Kwetu mgeni anakaa siku mbili, ya tatu anapewa jembe. Wewe miaka tisa umekataa jembe." Alisema kwa utani, kisha akaona macho yake na utani ukamwishia. Akatoa mkataba mfukoni na kuukunjua mapajani. "Tazama. Mimi nilitaka kupiga mstari hapa pa pili, ndio karatasi iwe safi. Cicily alikataa. Hapo pana mtu, akaniambia, ni vile bado hajakuwa tayari. Kila mkataba ni hivyo hivyo."

Rwamba alitazama. Kwenye nafasi ya kwanza palikuwa na mwandiko wa Cicily, herufi kubwa za kuandikia magunia. Chini yake palikuwa peupe. Alilia mbele ya mzee wa watu bila aibu, na mzee akakaa naye mpaka akamaliza, kisha akamruhusu akae hadi mwisho wa mwezi.

Alipata chumba kimoja juu ya soko, kwa mama anayeitwa Gladwell. Siku ya kuhamia, Gladwell alileta karatasi na kalamu. Rwamba alitoa kitambulisho kabla ya kuulizwa, akaandika majina yake yote matatu, polepole, bila kuogopa mtu yeyote wa Kangeta.

"Hapo pa pili ni pa mtu wa kuishi na wewe," Gladwell alisema akielekeza kidole. "Kama hakuna, piga mstari."

Rwamba alishika kalamu kwa muda mrefu. Kisha akapiga mstari, ulionyooka kabisa, kama wa chaki kwenye kitambaa, akamrudishia karatasi yake.