Maneno Niliyomsemea Baba wa Roketi

Wakati wa Mwingereza nilikuwa mkalimani wa gari la sinema la serikali. Dereva na mimi tulizunguka Korogwe na Handeni, tukitundika kitambaa cheupe jioni kwenye uwanja wowote uliotosha, nami nikashika kipaza sauti kueleza kwa Kiswahili yaliyosemwa kwa Kiingereza. Filamu zetu nyingi zilikuwa za mbu, sabuni na kilimo cha pamba. Watu walizivumilia kwa adabu.

Kisha ikaja moja ya aina nyingine. Baba anapanda roketi kwenda kwenye nyota ya mbali, anamwacha binti yake mdogo kwa bibi. Mimi nami nilikuwa na binti. Mama yake alifariki akimzaa, nikampeleka Handeni kwa mama mkwe wangu, nikasema ni kwa muda tu. Muda huo ulikuwa umefika miaka saba.

Tuliionyesha kwanza Mazinde, kwenye mashamba ya mkonge. Manamba, watu waliotoka mbali kufanya kazi kwa mkataba, hawakushangazwa na roketi hata kidogo.

"Mkataba wake wa miaka mingapi?" mmoja akapaza sauti.

Mwingine akataka kujua kama tajiri wake atamlipia nauli ya kurudi. Nikawajibu kwamba hilo halijaelezwa. Wakaguna wote.

Katikati ya filamu baba yule anaitazama picha ya mtoto wake. Anaitazama muda mrefu, wala hasemi neno. Ukimya ule ulinishinda. Nikajidanganya kwamba watu watadhani kipaza sauti kimekufa, nikafungua kinywa: "Mwanangu, sikukutupa. Nilishindwa kukutazama kwa sababu una macho ya mama yako. Nisamehe. Nitarudi."

Nikaona mwanamume mzima anajifuta machozi kwa kofia yake.

Basi nikanogewa. Mkumbara nikayasema, Mpale nikayasema, kila mahali. Mbele ya watu nisiowajua ulimi wangu ulikuwa mwepesi. Tukishakunja kitambaa nilikaa peke yangu nyuma ya gari nikiwa mpweke kuliko nilivyokuja, lakini kesho yake niliyasema tena.

"Bwana mkalimani," dereva akaniuliza siku moja, "yule Mzungu mbona midomo yake haichezi?"

Nikamwambia ashughulike na jenereta yake.

Ikafika zamu ya Handeni. Mama mkwe alikuja na mtoto, wakatandika mkeka mbele kabisa. Mtoto akaniamkia vizuri, kama anavyowaamkia wageni wote wa bibi yake, kisha akaenda kukaa. Nilimkuta amerefuka, na sikujua hata kama ameanza kusoma. Nilijiapiza kwamba leo maneno yale yatamfikia mwenyewe, na filamu ikiisha nitamwambia ni yangu. Nilikuwa nimeyazoea kama sala. Ningeshindwaje?

Sifa za filamu zilikuwa zimetutangulia. Baba wa roketi alipotoa picha, wanawake walikuwa wameshaandaa ncha za kanga. Mwanga wa kitambaa ulimpiga mtoto wangu usoni, na wakati huohuo akageuka kunitazama, akingoja nieleze. Macho yalikuwa yaleyale ya mama yake. Nikashusha kipaza sauti.

"Mkalimani, umelala?" watu wakaanza kupiga kelele. "Anasema nini?"

"Hapa hasemi kitu," nikajibu.

Ndiyo tafsiri pekee ya kweli niliyowahi kuitoa ya mahali pale, na mpaka leo naichukia. Kwa wavuja jasho wa Mazinde nilikuwa baba mwema. Kwa mwanangu nikawa mtumishi mwaminifu wa serikali.

Filamu ilipokwisha walikuja kuniaga. Mama mkwe akamsukuma mtoto begani.

"Baba," mtoto akasema kwa shida, kama neno lenyewe limemkwama, "yule mtu mbona hakumwambia mtoto wake kitu?"

Mama mkwe hakuondoka. Alisimama akinitazama, na najua alikuwa ananipa nafasi.

"Huenda redio ya kule juu iliharibika," nikasema.

"Maskini," akasema mtoto. Akamshika bibi yake mkono, wakashika njia ya kwenda kwao.